Gramu 10 za asubuhi

Mwaka wa pili tangu niache nyama, msuli wa nyuma ya paja la kulia ulianza kunisumbua. Haukuchanika. Ulikuwa unakaza kila nilipoongeza kasi, kama kamba iliyofungwa fupi kuliko mguu wenyewe. Nilikuwa nakimbia siku tano kwa wiki na kunyanyua vyuma siku mbili, najiandaa kwa nusu marathoni, kilomita 21.1 ambazo nilishazimaliza mara mbili bila shida. Sasa maumivu ya mazoezi ya Jumanne nilikuwa nayo bado Ijumaa. Uzito wa chuma nilioweza kuchuchumaa nao ulisimama palepale kwa miezi minne, kisha ukaanza kushuka.

Kocha wangu ni mtu wa maneno machache. Aliniangalia nikipanda ngazi za uwanja, akaniita pembeni.

"Mwanangu, unakula nini siku hizi?"

"Nakula vizuri, kocha. Maharage, mboga za majani, matunda, karanga."

"Sijakuuliza vitu. Nimekuuliza kiasi."

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nilitoa mzani wa jikoni kabatini, nikaamua nitapima kila ninachokula kwa siku nzima bila kubadilisha chochote. Hilo la kutobadilisha ni muhimu, maana ukishajua unapimwa, mkono unakwenda wenyewe kwenye vyakula vizuri na jibu linakuwa la uongo.

Hii hapa siku yangu kama ilivyokuwa. Asubuhi: vipande viwili vya mkate, ndizi moja, na chai yenye maziwa kidogo. Gramu 10 za protini. Mchana: wali gramu 250, maharage yaliyopikwa gramu 90, mboga za majani. Gramu 18. Alasiri kabla ya mazoezi: kiganja cha karanga, gramu 8. Usiku: tambi gramu 200 na mchuzi wa mboga, gramu 14. Jumla 50.

Nina kilo 62. Kiwango kinachotajwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kwangu hiyo ni kama gramu 50. Kwa hiyo nilikuwa nakula sawasawa na mtu asiyefanya mazoezi yoyote. Kiwango hicho kimewekwa kuzuia upungufu. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu anayevunja misuli yake siku saba kwa wiki na kutaka ijengeke upya imara zaidi. Kwa wanamichezo, tamko la pamoja la mwaka 2016 la wataalamu wa lishe wa Marekani na Kanada na chuo cha tiba ya michezo cha Marekani linataja gramu 1.2 hadi 2.0 kwa kilo. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi za watu wanaonyanyua vyuma, na ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini kwa ukuaji wa misuli inaelekea kufika mwisho kwenye gramu 1.6 kwa kilo. Nikaichukua hiyo. Mara 62, ni gramu 99. Nilikuwa nakula nusu.

Niseme wazi kwamba niliumia moyo. Miaka miwili nilikuwa nawaambia watu kwamba maharage yana protini ya kutosha, na ni kweli yanayo. Ila mimi mwenyewe nilikuwa nakula maharage kama kiungo cha wali. Gramu 90 ni vijiko vinne au vitano tu! Nilipokuwa nakula nyama, kipande kile kimoja kilibeba sahani nzima. Nilipokiondoa, nilipanua wali na tambi zikajaza nafasi yake, na sikugundua.

Kuna kosa lingine dogo lililonidanganya muda mrefu, na naliona kwa watu wengi. Ukisoma nyuma ya pakiti ya maharage makavu utakuta yana protini kama gramu 22 kwa kila gramu 100. Lakini hakuna anayekula maharage makavu. Yakishalowekwa na kupikwa yanabeba maji, uzito unazidi maradufu, na gramu 100 za maharage yaliyo kwenye sahani zina gramu 8 au 9 tu. Adesi ni hivyohivyo, kama 9. Choroko ziko chini kidogo, 7. Soya ndiyo inayosimama peke yake: gramu 100 za soya iliyopikwa zina kama gramu 18 za protini, mara mbili ya maharage. Ndiyo maana nikishauriwa nichague punje moja tu ya kubaki nayo jikoni, nitachagua soya bila kufikiri.

Karanga nazo zimetukuzwa kupita kiasi. Ni kweli zina gramu 25 au 26 za protini kwa gramu 100, lakini hizo gramu 100 zinabeba karibu kalori 570, nyingi zikitoka kwenye mafuta. Nazipenda, nazila kila siku, ila nimeacha kuzihesabu kama nguzo. Ni nyongeza. Mbegu za maboga ni bora kidogo kwa hesabu hiyo, karibu gramu 30 kwa 100.

Nilipoiangalia karatasi yangu tena, jicho liliganda kwenye mstari wa kwanza. Gramu 10. Nilikuwa naamka saa kumi na moja na nusu, nakimbia kilomita nane au kumi, narudi na njaa, halafu nakunywa chai na mkate. Chakula kizito kilikuja saa saba mchana. Kwa hiyo tangu chakula cha usiku hadi mchana wa siku inayofuata, saa kama 17 na mbio katikati yake, misuli yangu ilipata gramu 10.

Hapa inabidi nieleze kidogo kinachotokea mwilini, kwa sababu mimi nilipokielewa ndipo nilipobadilika. Protini imejengwa na amino asidi, na tisa kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Moja ya hizo tisa, lusini, ina kazi ya ziada: ndiyo inayouambia msuli uanze kujijenga. Inatakiwa ifike kiasi fulani kwa mlo mmoja, kama gramu 2 hadi 3, ndipo ujenzi upate kasi yake kamili. Mtu anayekula protini ya maziwa anaufikia mpaka huo kwa gramu 20 na kitu. Protini ya mimea kwa kawaida ina lusini pungufu kidogo, na sehemu yake haimeng'enywi vizuri, kwa hiyo inatakiwa mlo uwe mkubwa zaidi, gramu 30 hivi. Gramu 10 za mkate na chai hazifiki hata karibu. Jumla ya siku nzima ndiyo yenye uzito kuliko yote, hilo wataalamu wanalisisitiza, lakini jumla ya 99 huwezi kuipata kama mlo mzima wa asubuhi unautupa.

Basi nikaanzia asubuhi. Mimi nakula mayai na maziwa, kwa hiyo kwangu ilikuwa rahisi kuliko kwa asiyevila. Oti gramu 60 napika ndani ya maziwa mililita 300 badala ya maji. Hapo tayari ni gramu 18. Mayai mawili ya kuchemsha yanaongeza 12. Jumla 30, na nimekaa mezani dakika kumi na tano. Wiki ya kwanza ilikuwa kama kazi ya kulazimishwa, tumbo langu halikuzoea kujazwa saa hiyo. Wiki ya tatu nilikuwa naamka nikiifikiria.

Mchana niligeuza sahani. Maharage gramu 250, wali 150. Ukiiona kwa macho inashangaza: wali umekaa pembeni kama kachumbari, na maharage ndiyo yamelala katikati. Pamoja na mboga, ni kama gramu 29. Baada ya mazoezi ya jioni, mtindi gramu 250 na karanga kiganja, 17. Usiku, soya iliyopikwa gramu 100 au adesi gramu 200, na vipande viwili vya mkate na mboga, 26. Jumlisha mwenyewe: 102.

Watu huniuliza kama ni lazima maharage na wali viwe kwenye sahani moja ili protini "ikamilike". Fundisho hilo lilienea sana miaka ya 1970, na msingi wake ni wa kweli: nafaka zina upungufu wa amino asidi iitwayo lisini (si ile lusini), kunde na jamii ya maharage zina upungufu wa nyingine, methionini, na kila moja inaziba pengo la mwenzake. Kilichoonekana baadaye ni kwamba mwili una akiba yake ya amino asidi na unachanganya wenyewe. Ukila oti asubuhi na adesi jioni, vinakutana. Mimi nakula maharage na wali pamoja kwa sababu vinapendana mdomoni, basi.

Sasa nije kwenye tumbo, maana huku ndiko wengi wanakokata tamaa, na hakuna anayelizungumzia kwa uwazi.

Kutoka gramu 90 za maharage kwenda 250 nilikwenda kwa siku moja. Jumamosi ya wiki hiyohiyo tulikuwa na mbio ndefu, kilomita 18. Nilikuwa nimekula bakuli la maharage saa mbili na nusu kabla, nikiona nafanya jambo la maana. Kwenye kilomita ya sita tumbo lilijaa kama puto, kwenye ya tisa nilikuwa natembea nimeshika ubavu, na kwenye ya kumi na moja niliketi kando ya njia nikiwaona wenzangu wakipotea kwenye kona. Nililia pale. Si kwa sababu ya maumivu tu. Nilikuwa nimeamini kwamba nimepata dawa, na dawa yenyewe imeniangusha.

Chanzo ni sukari fulani zilizomo kwenye jamii ya maharage ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzivunja. Zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria wa huko wanazichachusha, ndipo gesi inapotoka. Wadudu hao si adui. Ukiwapa muda wanajipanga upya, na kwa watu wengi gesi inapungua ndani ya wiki chache. Nilirudi nyuma, nikaongeza kijiko kimoja kwa mlo kila siku tatu. Naloweka usiku kucha, namwaga maji yale, nasuuza, nachemsha kwenye maji mapya. Sehemu ya sukari zile huondoka na maji ya kulowekea. Na sili jamii ya maharage ndani ya saa nne kabla ya mbio ngumu, hata kama ni choroko ambazo ni laini. Kabla ya mbio nakula wanga mwepesi; protini inasubiri.

Kwa maharage mekundu, chemsha kwa nguvu, yatokote dakika kumi kamili au zaidi kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu, na moto mdogo wa muda mrefu hautoshi. Nasema hili kwa sababu wengi siku hizi wanapika kwenye sufuria za umeme za polepole na kuondoka.

Mama alipopata habari za ile Jumamosi alinipigia.

"Mwanangu, si ule hata samaki? Samaki tu. Mwili wako unakulilia."

"Mama, niache miezi mitatu. Nikishindwa nitakwambia mwenyewe."

Niliacha nyama kwa sababu ambazo bado naziamini, na sikutaka kuziweka mezani zijadiliwe kila msuli unapokaza. Usiku huo nilisoma habari za Murray Rose, muogeleaji wa Australia aliyelelewa bila nyama tangu utotoni. Kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, akiwa na miaka 17, alichukua dhahabu tatu, na miaka minne baadaye huko Roma akaishinda tena mita 400. Sikumtumia Mama habari hizo. Zilikuwa zangu, za kunisaidia kulala.

Kuna jambo moja ambalo karatasi ya protini haionyeshi, nalo lilikuwa nusu ya ugonjwa wangu: nilikuwa sili chakula cha kutosha, kwa ujumla. Vyakula vya mimea vimejaa maji na nyuzinyuzi, vinashibisha haraka. Unainuka mezani umeshiba kweli, na bado kalori hazijafika. Mwili ukikosa nishati, unaichoma protini kama kuni, na zile gramu ulizozihesabu kwa uangalifu haziendi kwenye msuli. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililipa jina tatizo hili la upungufu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, na dalili zake ni pamoja na hedhi kuvurugika au kupotea, mifupa kudhoofika, na majeraha yasiyoisha. Dada zangu wanaokimbia, hedhi ikipotea, usiichukulie kama nafuu. Nenda kapimwe.

Mimi nilikwenda. Daktari aliagiza kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na ikatoka 14. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kwa mtu mzima kuwa akiba imekwisha. Yale miguu kuwa mizito kwenye kilima, yale ya kuhema kwa mwendo niliouzoea, sehemu yake ilikuwa hiyo. Nilipewa vidonge, na nikaambiwa jambo ambalo lingenisaidia miaka miwili kabla: chai na kahawa vinazuia mwili kufyonza chuma cha mimea, na vitamini C inasaidia. Nami nilikuwa nasindikiza kila mlo na chai. Sasa chai nakunywa saa moja na nusu baada ya kula, na kwenye maharage nakamulia limau au naweka nyanya na pilipili hoho. Usinywe vidonge vya chuma kwa kubahatisha, pima kwanza. Kikizidi nacho kina madhara.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Mayai na maziwa vinanipa, ila asiyekula hivyo lazima ameze kidonge au ale vyakula vilivyoongezewa, hapo hakuna mjadala. Kreatini, inayoipa misuli nishati ya haraka, nayo kwenye chakula inatoka kwenye nyama na samaki, na wasiokula hivyo huwa na akiba ndogo kwenye misuli. Nakoroga gramu 3 kwenye maji kila siku. Inayouzwa hutengenezwa kiwandani bila mnyama.

Unga wa protini? Ninao. Natumia siku zenye mazoezi mawili, au nikiwa safarini, kijiko chake kimoja kinanipa gramu 20 na zaidi. Kuna muuzaji mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mla mboga hawezi kujenga misuli bila unga wake, mara tatu kwa siku. Aliniudhi, kwa sababu wakati huo nilikuwa dhaifu na nilikuwa karibu kumwamini. Unga ni chakula kilichokaushwa. Ukiwa na maziwa, mayai, soya na maharage ya kutosha, unaweza usiuguse kabisa.

Paja lilichukua wiki tisa. Siwezi kudai ni protini peke yake, maana kocha alipunguza kilomita zangu na kunipa mazoezi ya kuimarisha nyonga, na vidonge vya chuma navyo vilikuwa vinafanya kazi. Ila nakumbuka Ijumaa moja nilipoinama kufunga kamba za viatu na kugundua kwamba simsikii tena yule jamaa wa Jumanne. Miezi sita baadaye ferritini ilikuwa 38. Nusu marathoni niliikimbia dakika nne chini ya muda wangu wa zamani. Mama alinipigia, hakutaja samaki.

Sipimi tena kila siku. Mzani natoa wiki moja kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mkono husahau, na wali una tabia ya kurudi katikati ya sahani polepole. Soya napika kilo moja kwa mkupuo, nagawa kwenye vifuko vya gramu 100, nagandisha.

Mwezi uliopita msichana mmoja wa klabu yetu, ana miaka 19, ameacha nyama tangu mwaka jana, alinisubiri hadi wenzetu wameondoka.

"Dada, miguu yangu haiponi. Na mimi nakula vizuri."

Nilimwazima mzani. Alirudi baada ya siku mbili na karatasi iliyokunjwa mara nne. Jumla 43. Nilipitisha kidole mpaka mstari wa juu: ndizi na chai ya rangi, gramu 1. Tukakaa pale kwenye ngazi za uwanja, tukaanza kuandika asubuhi yake.